Mvua ya Kwanza ni ya Paa

Mama yangu alizaliwa Masisi, kule juu ambako ukungu unaingia jikoni asubuhi bila kubisha hodi na watu huvaa koti kwenda kukamua ng'ombe. Ameishi Goma tangu alipoolewa. Amezeekea hapa. Na mpaka leo hajaacha kulalamika kwamba mji huu una joto. Jua likichomoza kidogo tu, anafungua mwavuli. Wageni wakimwona barabarani wanatazama juu kutafuta mvua, hawaioni, kisha wanamtazama tena kwa huruma.

Mimi nilizaliwa hapa Keshero, mwendo mfupi kutoka ziwani, kwa hiyo najua kwa hakika kwamba hali ya hewa ya Goma ndiyo sahihi, kwamba Masisi ni friji na kwamba kwingineko ni tanuri. Usicheke. Wewe pia una mahali pako unapopimia dunia nzima, na mtu akikuambia kwamba pana baridi au pana joto unahisi kama amemtukana babu yako.

Ninafundisha jiografia kwenye shule ya sekondari. Kila mwaka tunafika kwenye ukurasa wa kitabu cha Kifaransa wenye picha nne za mti mmoja: una maua, una majani, unapukutika, na mwishowe umesimama uchi kwenye theluji. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeinua mkono na kuuliza, « Madamu, huo muti ulikosa nini? » Hapo ninafunga kitabu na kuwaeleza polepole kwamba kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni kipimajoto, nacho hakina kwao. Cha pili ni ngozi ya mtu, nayo ina kwao, na haisahau. Kipimajoto kinaweza kusema jambo lilelile Goma na mahali pengine, na bado mtu mmoja akatetemeka na mwenzake akajipepea. Watoto wanaelewa haraka. Watu wazima ndio wanaochelewa, kama nilivyojionea nyumbani kwetu baada ya mdogo wangu kuoa mwanamke wa Kindu.

Kindu iko chini, kando ya mto Lualaba, mahali ambapo joto halina saa ya kupumzika. Nilikwenda huko mara moja tu, kwa arusi yao. Nilikaa chini ya feni mpaka umeme ulipokatika, kisha nikakaa chini ya feni iliyosimama, kwa matumaini. Watu wa huko walinicheka kwa upole sana. Waliniletea maji ya kunawa uso kama mtu anayeuguzwa.

Kwa hiyo wifi yangu alipofika Goma, mwanzoni mwa kiangazi, ilikuwa zamu yetu kucheka. Usiseme kwamba kiangazi maana yake ni joto. Hapa kwetu, miezi ile isiyo na mvua ndiyo yenye asubuhi zinazouma, upepo wa ziwani na vumbi jeusi linaloingia mpaka ndani ya sukari. Asubuhi ya kwanza wifi alitoka chumbani akiwa amevaa karibu kila nguo aliyokuja nayo, akasimama uani, akatazama juu.

« Mama, jua yenu inagonjwa? »

Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni mikono wazi, alicheka hadi akaweka kikombe chini. « Mutoto yangu, hii ni joto. Ngoja kwanza uone baridi. »

Tangu siku hiyo wifi alipata mahali pake: ukuta wa mawe meusi nyuma ya jiko, mawe ya volkano ambayo yakipigwa na jua kwa muda yanabaki na moto kama mkate. Jua likipanda, alikuwa pale, mgongo ukutani, macho yamefungwa. Mama akimtafuta hakuita jina. Aliuliza tu, « Mujusi yangu iko wapi? » Na wifi alijibu bila kufungua macho, « Mujusi iko kazini. » Nilijua hapo kwamba atakaa. Mtu anayejibu utani huwa ameshaanza kufungua mizigo.

Mwaka uliofuata alipata mimba. Mtoto alitarajiwa kuzaliwa mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimekolea. Hapo ndipo hali ya hewa ilipoacha kuwa mchezo.

Kila Jumapili baada ya misa mama yake alipiga simu kutoka Kindu. Katika familia yao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti, na hilo lingetosha, lakini yeye hakulitaja sana. Alizungumza juu ya baridi. Alisema mtoto atazaliwa ndani ya friji. Alisema amesikia Goma watu wanavaa kofia za sufu mchana. Mama yangu alisikia yote hayo, kwa sababu simu ya wifi ilikuwa na sauti kubwa na mama ana masikio mazuri anapotaka, naye alijibu kwa ukuta, « Kindu watoto wanazaliwa wakiwa wameiva. »

Siku moja tulikuwa tunachambua maharage, wifi na mimi, naye akaniambia neno ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine. « Miye nataka kuzalia hapa. Bwana yangu iko hapa, munganga yangu ananijua. Kule nitaenda, nitazala, nitarudi na mutoto mudogo kwa ndege, peke yangu. Lakini siwezi kuzala mama akiwa na kinyongo. Mutoto wa kwanza hazaliwi juu ya kinyongo. »

« Mwambie hivyo. »

« Nitamwambia nini? Anasema baridi, nasema hakuna baridi, na nimevaa makoti mawili. »

Nilimwonea huruma. Ukitaka kumshinda mama yako katika mabishano ya hali ya hewa, usiyaanze ukiwa umevaa kofia ya sufu.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mama yake akaacha kupiga simu, akaja. Wakati huo ndege zilikuwa bado zinatua Goma. Alikuja na tiketi ya kurudi ya watu wawili, kwa tarehe ya katikati ya mwezi wa tisa, kabla tumbo halijawa kubwa kiasi cha kukataliwa na kampuni ya ndege. Hakuificha. Aliitoa kwenye mkoba siku ileile na kuiweka juu ya televisheni, ili kila mtu aione anapotazama habari.

Lakini nimeruka uwanja wa ndege. Mama na mimi tulikwenda kumpokea saa sita mchana, jua likiwa wazi kabisa. Mama alishika mwavuli mkono mmoja na blanketi mkono mwingine. Mgeni akashuka akiwa na kitenge chepesi na ndara, mwanamke mnene, mchangamfu, anayetembea kama mtu mwenye kiwanja chake. Wakakumbatiana. Mama alimwita bamwana, kama wasemaji wa Kinyarwanda wanavyomwita mzazi wa mkwe wao. Naye mgeni alimwita mama yangu bokilo, kama wanavyosema kwao. Kila mmoja alishika neno lake, na hakuna aliyekopa la mwenzake.

« Bokilo, ile mwavuli ni ya mvua? »

« Apana, ni ya jua. »

« Na ile buranketi? »

« Ya baridi yako, bamwana. »

« Sasa hapa kuko jua ao kuko baridi? »

« Inategemea mutu, » mama akasema, akamfunika.

Mpaka jioni mgeni alikuwa akitangaza kwamba baridi ya Goma ni hadithi. Jua lilipozama nyuma ya vilima, alinyamaza. Wakati wa chakula aliomba kukaa upande wa babula, jiko letu la makaa. Baada ya chakula aliomba blanketi ya pili, kwa sauti ndogo, na mama akamletea tatu, akizipanga moja moja juu ya kitanda kama karani anayegonga mihuri.

Kulipokucha, vita vikaanza, vita vya adabu sana. Wifi akikohoa, mama yake alimtazama mama yangu. Wifi akifuta jasho la usoni, mama yangu alimtazama mama yake vilevile. Maskini wifi alijifunza kukohoa kidogo na kutoka jasho kidogo, kwa usawa. Mdogo wangu, ambaye kazi yake haikuwahi kumchelewesha hata siku moja, ghafla akawa mtu wa kazi nyingi.

Kitu ambacho mgeni hakukitegemea hakikuwa baridi. Kilikuwa maji. Nieleze kidogo, na asiyejua Goma asiogope, si somo refu. Mji wetu umekaa juu ya mawe yaliyomwagwa na volkano. Mvua ikinyesha, mawe yanakunywa maji yote. Hakuna kisima, hakuna kijito. Basi watu wengi tunategemea paa. Mabati yanapokea mvua, mfereji unaikusanya, bomba tunaloliita tiyo linaipeleka kwenye tanki. Mvua ni nyingi miezi mingi, nasi tunaoga kama wafalme. Ikija kiangazi tanki linakauka, na hapo tunanunua maji ya ziwa kwa madumu tunayoyaita bidoni, yaliyopandishwa kilima kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Ndiyo maana mtu wa Goma akisikia wimbo wa kusifu jua anauliza, aliyeutunga alikuwa ananunua maji wapi?

Mgeni alipewa maji ya kuoga kwenye ndoo, nusu. Akatoka nayo mpaka barazani.

« Bokilo, ile ziwa pale naiona na macho yangu. Naona mashua. Naona mutu anaoga ndani! Na munanipimia mayi kama mafuta ya kupaka? »

« Ile mayi haina miguu, bamwana. »

« Kwetu tunaoga mara tatu kwa siku. »

« Kwenu munatoka jasho mara ine. »

Mgeni akacheka, akaoga nusu ndoo yake, na akatoka akiwa na sabuni nyuma ya sikio. Tangu hapo akaanza kuingoja mvua kuliko sisi. Alitusimulia jinsi inavyokuja Kindu baada ya joto la siku nzima: upepo kwanza, kisha harufu, kisha kila mtu anakimbiza sufuria nje, wakubwa wanasimama uani na nguo zao na kulowana kwa furaha. Alisimulia vizuri. Wifi alimsikiliza na macho yake yakawa mbali, na mama yangu akaona macho hayo. Alikwenda kumenya viazi ambavyo vilikuwa vimeshamenywa.

Siku chache kabla ya tarehe ya tiketi, mawingu yalikaa juu ya volkano tangu asubuhi na hayakuondoka. Mama aliyatazama, akaniita, na kabla sijaenda shule tukafanya jambo ambalo kila nyumba ya Goma hulifanya siku kama hiyo: tukaichomoa tiyo kutoka kwenye tanki, tukaigeuzia uani. Kiangazi chote paa linakaa linapokea majivu ya volkano, vumbi na salamu za ndege. Mvua ya kwanza inaachwa ioshe mabati na kwenda zake. Ndipo tiyo inarudishwa, kwa mvua inayofuata. Mvua ya kwanza ni ya paa, tunasema. Sikumbuki nani alinifundisha. Ni kama kujua kwamba viatu vinavuliwa kabla ya kitanda. Hakuna anayekuambia, na kwa hiyo hakuna anayefikiri kumwambia mgeni.

Mchana ule wifi alikwenda kupimwa mimba, mama alikuwa kwenye sala ya jirani, nami nilikuwa darasani nikielezea, bila shaka, mvua. Ikaja kwa kishindo. Watoto walipiga makofi. Nilipofika nyumbani ilikuwa imepungua, na nilimkuta mama akiingia langoni wakati uleule, kitambaa cha kichwa kimemgandia kichwani.

Bamwana wake alikuwa amesimama barazani. Alikuwa amelowa kuanzia kichwani mpaka vidoleni, anatetemeka mpaka ndara zake zinapiga kelele kwenye simenti, na anatabasamu kama mtu aliyeokoa mtoto motoni. Uani kulikuwa na sufuria zetu zote, karai, beseni, hata bakuli la kuchanganyia saladi. Na tiyo ilikuwa imerudishwa kwenye tanki, imefungwa kwa nguvu na kilemba chake cha kwenda nacho kanisani.

« Bokilo! Mayi yenu yote ilikuwa inakimbia! Nani alifungua ile tiyo? Bahati miye nilikuwa hapa! Nilipanda juu ya kiti, mvua inanipiga, baridi inaniuma mpaka ndani ya mifupa, nikasema, apana, bokilo yangu hatanunua tena mayi ya chukudu miye nikiwa ndani ya nyumba yake! »

Mama alitazama mabati, yaliyokuwa yanang'aa kama sahani. Akatazama tiyo. Akatazama tanki, ambalo sasa lilikuwa na kiangazi chetu chote ndani yake. Niliona pembe ya mdomo wake ikicheza. Kwa wiki mbili walikuwa wakipimana, na sasa mwenzake alikuwa amejileta mwenyewe: neno moja tu, na Kindu ingekuwa imeshindwa.

« Aksanti sana, bamwana, » mama akasema. « Njoo kwanza ubadilishe minguo, utagonjwa. »

Akamsugua mgongo kwa taulo, akampeleka karibu na babula, akampa chai ya maziwa na tangawizi. Kisha akanifuata jikoni na kufunga mlango.

« Mutu atasema neno moja juu ya ile tanki, » akaninong'oneza, « ataoga na mate yake. »

Siri ya namna hiyo haikai, kwa sababu maji hayajui kutunza siri. Kesho yake asubuhi mgeni alifungua robine ya tanki, kwa haki ya mtu aliyeyaokoa maji yale, akafua vinguo vya mtoto alivyovileta kutoka Kindu. Alikuwa amevishona mwenyewe, vyeupe vyote, na pindo la uzi wa njano. Tulikuwa mezani alipoingia na beseni na kuliweka kati ya mkate na thermos. Vinguo vilikuwa na rangi ya moshi, na kwenye mikunjo yake kulikuwa na mchanga mweusi.

« Bokilo. Jana uliniambia aksanti. »

« Ndiyo. »

« Ya nini? »

Mama akamweleza. Alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza darasani: majivu, vumbi, ndege, mvua ya kwanza, mvua ya pili. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

« Kwa hiyo ulikuwa unaniangalia natetemeka kama kuku, na ulijua. »

« Nilijua. »

« Na haukusema. »

« Ulikuwa umelowana vile ju yetu. Ningesema nini? »

« Ungesema, bamwana, uko mujinga. »

« Nilitaka, » mama akasema. « Lakini meno yako ilikuwa inapiga kelele, haungenisikia. »

Wifi na mimi tukatazama mkate. Kisha mgeni akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabegani, mpaka akalazimika kukaa, na mama naye akacheka, na ninyi mnajua kwamba wanawake wawili wa umri ule wakianza kucheka pamoja hakuna kazi inayofanyika mpaka wamalize.

Kazi ilikuwapo. Maji machafu tuliyatumia kuosha sakafu, baraza, ukuta na kila kitu kilichokubali kuoshwa, kisha tanki lenyewe likahitaji kusuguliwa ndani. Tundu lake la juu ni dogo. Wifi alikuwa na tumbo lake, wale mama wawili walikuwa na miili yao ya heshima. Basi nikaingia mimi, mwalimu wa jiografia, kwa ngazi, na brashi na kitambaa, na wao wakakaa chini kwenye mawe kutoa maelekezo.

Hujawahi kusikia watu vizuri mpaka uwasikie ukiwa ndani ya tanki tupu. Kila neno linaingia kwa tundu na kuzunguka. Kwa muda nilisikia, « Sugua na pale kwenye kona, » ingawa tanki ni la duara. Kisha sauti zao zikashuka, nadhani walinisahau.

« Bokilo, » mgeni akasema, « sikukuya kumuchukua ju ya baridi tu. Baridi ni ile naweza kusema kwa simu. »

« Najua. »

« Naogopa. Hapa hata mvua iko na masharti! Jana nilifanya kitu chenye mama yangu alinifundisha, kitu kizuri, na kumbe hapa ni kosa. Sasa ule mutoto wangu atafanya makosa ngapi? Nani atamwambia? Mutamucheka. »

Nilisikia mama akisogeza jiwe kwa mguu.

« Tutamucheka, » akasema. « Miye nilifika hapa kutoka Masisi, sikuweza kulala ju ya joto. Nilikuwa nalala chini kwenye simenti kama mbuzi. Nilifunga mizigo niende kwetu, nikafungua, nikafunga tena. Nililia. Mama-mukwe wangu ananicheka kila asubuhi. Nilimuchukia yule mama! Kisha siku moja nikaona kwamba kila jioni, mbele sijaingia kulala, mutu anafungua dirisha ya chumba yangu ili upepo ya ziwa iingie. Bwana yangu hakujua ni nani. Ni yeye. Asubuhi ananicheka, jioni anafungua dirisha. »

Brashi ilikuwa imesimama mkononi mwangu. Maisha yangu yote nimemsikia mama akilalamika joto kama mtu anayetania. Sikuwahi kujua kwamba liliwahi kumliza.

« Madamu! » mgeni akapaza sauti kuelekea tanki. « Unasugua ao unasikiliza? »

« Vyote viwili, mama! » nikajibu, na sauti yangu ilinizunguka kichwa.

Wakacheka. Kisha mama akasema jambo ambalo lilimgharimu, na nilisikia kwamba lilimgharimu. « Ukimupeleka, sitakasirika. Ile tiketi naiona kila siku. Kama anataka kwenda kwa mama yake, hata miye nilitaka. Lakini tumekaa hapa wiki mbili tunamupimia joto, na hakuna mwenye alimuuliza. »

« Mulikuwa mutaniuliza lini? »

Ilikuwa sauti ya wifi. Alikuwa amesimama karibu, nadhani mlangoni mwa jiko, na beseni la vinguo alivyovirudia kwa maji ya bidoni. Sikumwona, lakini kutoka kwenye tanki nilisikia pumzi zake zikiwa fupi, kama za mtu aliyepanda kilima.

« Mama, nitazalia hapa. Si ju ya baridi, si ju ya joto. Nyumba yangu iko hapa. Na sitaki uende. Nataka uikale na miye mpaka mutoto afike. Hauwezi kuniambia baraka kwa simu, utaniambia ukiwa pale. »

« Niikale kwenye hii baridi? »

« Kwenye hii baridi. »

Nilingoja. Kwa mbali mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma. Mgeni akapumua kwa nguvu, kama anayeweka chini mzigo wa kichwani ambao alikuwa ameuzoea.

« Basi mutanipatia chumba yenye kuona jua ya asubuhi, » akasema. « Na nitaoga na mayi ya moto. Ndoo muzima. »

« Nusu, » mama akasema.

« Muzima, bokilo. »

« Muzima, » mama akakubali. « Lakini mutanisaidia kuanika hivi vinguo. »

Wakaondoka wote watatu kwenda kuanika, na kwa kuwa kamba ilikuwa juu wakachukua ngazi. Nilibaki ndani ya tanki nikiwa nimefurahi sana, kisha nikiwa na furaha ya kawaida, kisha nikaanza kugonga.

Mtoto alifika mwezi wa kumi kama alivyotarajiwa, mchana, kwenye zahanati tunayoifikia kwa miguu. Msichana. Mkiuliza ilikuwa siku gani, mama atawaambia lilikuwa joto la kufa mtu. Mama wa Kindu atawaambia aliona pumzi yake mwenyewe hewani. Mimi nilikuwapo. Kulikuwa na mawingu kidogo.

Tuliruhusiwa kuingia baada ya muda. Wifi alikuwa amelala na mtoto kifuani, amechoka, anang'aa. Mama yake alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti yake, akasema maneno ya kwao polepole mpaka mwisho. Sitayaandika hapa, hayakusemwa kwa ajili yangu. Wifi alifumba macho akiyapokea, na niliona mabega yake yakishuka, mabega ambayo yalikuwa juu tangu maharage yale.

Baada ya hapo nyanya wawili wakamgeukia mtoto. Yule wa Kindu akamwongezea shuka. Yule wa Masisi akaiondoa. Ikarudishwa, na kofia. Kofia ikatolewa. Yote haya kwa tabasamu, kwa vidole laini, huku kila mmoja akimsifu mtoto kwa sauti tamu na kumwambia mwenzake mambo kupitia kwake.

« Nyanya yako anataka ugande, eh, mama mudogo? »

« Na huyu anataka kukuchoma kama muhindi juu ya babula, si vile? »

Muuguzi alitazama kutoka mlangoni, akauliza, « Nani mwenye mutoto hapa? »

Wote wawili wakafungua midomo. Lakini wifi, ambaye miezi yote ile alikuwa amekohoa na kutoka jasho kwa zamu ili asimkosee mtu, aliinua mkono kutoka kwenye mto. Alishika miguu ya mtoto, akaipima kwa kiganja. Akagusa shingo yake, nyuma, chini ya sikio. Alifikiri. Kisha akaichukua shuka moja, akaikunja mara mbili, akaiweka kuanzia kifuani mpaka miguuni, na mikono ya mtoto akaiacha nje.

« Muache, » akasema. « Iko muzuri vile. »

Na nyanya wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege, wakaweka mikono yao mapajani na kukaa.